Mwaka Kericho Ilipata Timu, Kamera Zikaondoka

Wasee, swali la haraka. Nitajie wachezaji watatu waliowahi kuchezea Zoo ya Kericho. Haya, sasa watatu wa Arsenal. Eeh, nilijua.

Kuna watu wanasema sisi vijana wa majani chai, kuanzia Kericho mjini mpaka Bomet, hatupendi michezo ya nyumbani. Mimi nakataa. Utapendaje kitu hujawahi kukiona? Na hii haikuanza jana.

Rudi nyuma mpaka 1964. Wilson Kiprugut, kijana wa Kericho, anachukua shaba mita 800 kule Tokyo, medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki. 1968 anaongeza fedha kule Mexico. Marekani walikuwa tayari wanapokea picha za Tokyo kupitia setilaiti. Sisi televisheni ilikuwa imeingia nchini 1962 tu, na kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa 1970. Kwa hivyo shujaa alitoka kwetu, dunia ikamwona akikimbia, na huku nyumbani watu wakabaki na redio na magazeti. Stesheni ilikuwa moja, ya serikali, Sauti ya Kenya, ambayo 1989 ikaitwa KBC. KTN ilikuja 1990.

Sasa twende kwa uchungu wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000, SuperSport ya Afrika Kusini iliingia ligi kuu yetu. Ghafla Gor na AFC wana kamera kadhaa, marudio ya polepole, watangazaji wamevaa suti. Ni kweli ilikuwa kwa dikoda ya kulipia, na si kila boma lina hiyo pesa. Lakini vilabu vilipata mgao, na kibanda cha mechi kingeweza kuonyesha ligi ya Kenya bila aibu.

Halafu 2017. Ligi inapanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, na kati ya zilizopanda ni Zoo, vijana wa Kericho Green Stadium. Furaha, si ndio? SuperSport wakasema mkataba wao ulikuwa wa timu 16, wakafunga virago. Yaani mwaka uleule sisi tunaingia ukumbini, taa zinazimwa. Silaumu Zoo, wao walicheza tu. Walionigusa roho ni wakubwa wa soka waliovutana juu ya hesabu ya timu wakijua pesa ya televisheni inaning'inia hapo.

Na si Kenya peke yake. Hoki ya barafu Marekani, ligi ya NHL, ilifuta msimu mzima wa 2004-05 kwa ugomvi wa mishahara kati ya wachezaji na wenye timu. ESPN wakaacha mechi zao, ligi ikahamia OLN, chaneli iliyojulikana kwa uwindaji na mbio za baiskeli. Walirudi ESPN 2021. Miaka 16 nje, na hao ni watu wenye pesa!

Sisi hatukuwa na mto wa kuangukia. 2019 SportPesa nao wakatoa udhamini. Aprili 2021 FIFA ikaiondoa Zoo ligi kuu kwa kesi ya kupanga matokeo. Sitetei hilo hata kidogo. Lakini mechi isiyo na kamera ni rahisi kuuza, bana, hata mtoto anaelewa.

Azam ya Tanzania walichukua haki za ligi 2023, mechi zikaanza kuonekana tena. Zoo hawakuwepo.

Kuna misimu mitano ya Kericho kwenye ligi kuu, na video zake unazihesabu kwa vidole. Kama ulirekodi chochote kwa simu pale Green Stadium kati ya 2017 na 2021, nitumie DM. Hata kama inatetemeka, hata kama umekata goli ukashika tu mashabiki.