Gumegume, Fataki na Viasi: Bunduki katika Msamiati wa Pwani

Majina ya kale ya bunduki katika Kiswahili yalifuata namna ya kuwasha baruti. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ya gumegume, kwa jiwe la kutoa cheche. Ya fataki, kwa kikombe kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya kifa. Na ya viasi ilibeba risasi, baruti na kiwashio katika ganda moja.

Msingi wa fataki ni kemikali ilipukayo kwa kugongwa. Kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, alijipatia hakimiliki ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1807. Mvua iliyozima gumegume haikuizuia fataki kwa urahisi.

Katika viasi fataki haikutoweka, bali ilihamia kitakoni. Katika miaka ya 1860 Hiram Berdan wa Marekani aliliacha fuawe lake katika ganda, naye Edward Boxer wa Uingereza akalitia ndani ya fataki yenyewe. Kwa hiyo ganda la Boxer ni rahisi zaidi kujazwa tena.

Tofauti hizi hazikuwa za mafundi peke yao. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaruhusu gumegume. Sheria ya wageni, basi, ilipita katika mpaka ambao Kiswahili kilikwisha kuutaja. Kamusi iifasiriyo fataki kuwa mchezo wa sikukuu tu huufuta mpaka huo.