Mtoto anataka kufuga geko: mambo ya kujua kabla ya kumkubalia

Kama unalea watoto Ulaya au Amerika Kaskazini, huenda siku moja mtoto akarudi kutoka shule akiomba kufuga geko. Rafiki yake anaye, au amemwona dukani, na sasa anamtaka wake.

Geko ni mjusi wa jamii moja na mjusi kafiri tunayemjua kwenye kuta na dari za nyumba zetu Afrika Mashariki. Kule mjusi hujitafutia mbu na nondo mwenyewe, wala hakuna anayemlisha. Geko aliye ndani ya kasha la kioo hawezi kujitafutia chochote. Joto lake, maji yake na kila mdudu anayemla hutoka mkononi mwa mtu. Pia geko hana sumu, lakini anaweza kubeba vijidudu vinavyomwumiza sana mtoto mdogo.

Kwa hiyo, mama au mlezi, kabla ya kuuliza bei, jiulize kwanza: nani anaishi nyumbani kwetu?

Nyumba zipi zisubiri kwanza?

Geko na reptilia wengine wanaweza kuwa na bakteria wa salmonela tumboni huku wakionekana wazima kabisa. Wao hawaugui, ila bakteria hao hutoka na kinyesi na kusambaa kwenye ngozi yao, maji yao na kila kitu kilichomo kwenye kasha.

Tafadhali usilete geko nyumbani kama kuna:

- mtoto aliye chini ya miaka 5
- mtu mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa kiungo, au anayeishi na VVU ambaye kinga yake bado iko chini
- mtoto au mtu mzima mwenye selimundu (sikoseli), kwa sababu kwake salmonela inaweza kuingia kwenye damu na kushambulia mifupa
- mzee wa miaka 65 au zaidi.

Mama mjamzito naye ajadiliane kwanza na mkunga au daktari wake. Na kama unalea watoto wa wenzako nyumbani kwako, wahesabu nao, hata kama wako mwenyewe wamekua.

Kumwambia mtoto wa miaka 9 asubiri mpaka mdogo wake afikishe miaka 5 si rahisi. Atalia, na atasema rafiki yake ameruhusiwa. Mweleze sababu waziwazi: geko anaweza kumwuguza mtoto mchanga. Watoto wengi huelewa wanapoambiwa kwamba kuna mtu wanayemlinda.

Salmonela humfikiaje mtoto?

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto asipomshika geko yuko salama. Sivyo. Mtoto mchanga anaweza kuambukizwa bila hata kumwona mnyama. Kaka mtu anamshika geko, hanawi mikono, kisha anambeba mdogo wake na kumpa chuchu mdomoni. Au chombo cha maji cha geko kinaoshwa kwenye sinki lile lile la kuoshea chupa za maziwa. Njia ni hiyo tu: kutoka kwa geko, kwenda mkononi au kwenye chombo, hadi mdomoni.

Mwaka 2015 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitangaza mlipuko wa salmonela uliohusishwa na geko wa kufugwa majumbani. Hivyo kununua kwenye duka safi, au geko anayeonekana mwenye afya, si hakikisho. Wala usijaribu kumpa geko dawa ya antibayotiki ili "kumsafisha". Haimalizi salmonela, na inaweza kuwafanya bakteria wawe sugu.

Geko yupi anamfaa anayeanza?

Kwa familia inayoanza, geko chui ndiye rahisi zaidi. Jina lake la kisayansi ni Eublepharis macularius. Asili yake ni maeneo makavu yenye mawe ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India. Akikomaa hufikia sentimeta 20 hivi, ana kope zinazofumba, na hapandi ukuta kwa sababu vidole vyake havinati kama vya mjusi kafiri. Ni mpole, na huamka jioni.

Lakini anaishi muda mrefu: miaka 10 hadi 20 akitunzwa vizuri. Mtoto wa miaka 8 leo anaweza kuwa mtu mzima huku geko wake bado yuko hai. Kazi hii ni yako wewe mkubwa. Mtoto anasaidia tu.

Nunua geko aliyezaliwa kwenye ufugaji, si aliyekamatwa porini. Jambo hili linatuhusu sisi hasa. Kwetu Tanzania, mkoani Morogoro, kuna geko mdogo wa rangi ya buluu inayong'aa anayeishi kwenye mikadi ya msitu wa Kimboza na misitu midogo ya jirani. Haishi porini kwingine kokote duniani. Alikamatwa kwa wingi ili auzwe nje kama mnyama wa kufugwa, hadi akawa katika hatari kubwa ya kutoweka. Tangu 2017 mkataba wa kimataifa wa CITES umezuia biashara ya wale wanaotoka porini. Ukiona anauzwa, usivutiwe na rangi.

Kasha na joto

Geko mmoja akae peke yake. Madume wawili hupigana, na hata majike huumizana. Kasha la kioo lenye urefu wa sentimeta 90 linamtosha mkubwa. Liwe na mfuniko wa wavu unaofungwa vizuri, na liwekwe mbali na jikoni, meza ya chakula na chumba cha mtoto mdogo.

Mwili wa geko hautengenezi joto kama wetu. Hupata joto kwa kusogea penye joto, na hupoa kwa kusogea penye ubaridi. Bila joto la kutosha hawezi kusaga chakula tumboni. Kwa hiyo kasha liwe na pande mbili:

- upande wa joto: nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi pale anapolala
- upande wa ubaridi: nyuzi 24 hadi 26.

Tumia kipimajoto kila upande, usikisie kwa mkono. Taa au mkeka wa joto wa umeme lazima uunganishwe na kidhibiti joto, kwa sababu bila hicho unaweza kumchoma geko au hata kuanzisha moto. Usimwekee jiwe la umeme la kulalia, humchoma tumbo.

Mwekee maficho matatu: moja upande wa joto, moja upande wa ubaridi, na la tatu lenye unyevu, kwa mfano kikopo cha plastiki chenye tundu na karatasi iliyoloweshwa ndani. Hilo la unyevu humsaidia anapojivua ngozi. Chini tandika karatasi za jikoni au vigae. Mchanga mtupu usiuweke: geko akiumeza wakati wa kula unaweza kumziba tumbo.

Chakula

Geko chui hula wadudu walio hai, basi. Hali matunda, mboga, mkate wala ugali. Chakula chake cha kawaida ni nyenje, mende wa kufugwa wanaouzwa madukani, na mabuu wanaofugwa kwenye pumba. Wale mabuu laini wenye mafuta mengi wawe kitu cha mara moja moja tu.

- Ukubwa wa mdudu: asizidi nafasi iliyo kati ya macho mawili ya geko.
- Geko mdogo: alishwe kila siku.
- Geko mkubwa: kila baada ya siku moja au mbili. Akizidishiwa hunenepa na kuugua.
- Wakati: jioni, anapoamka.
- Mabaki: ondoa wadudu wasioliwa. Nyenje walioachwa usiku wanaweza kumng'ata.

Wadudu wenyewe nao walishwe vizuri, karoti na mboga za majani, kwa siku moja au zaidi kabla ya kuliwa. Mdudu mwenye njaa hana lishe ya kumpa geko.

Kisha wapake unga wa kalsiamu. Hatua hii ndiyo wanaoanza wengi huiruka. Geko asiyepata kalsiamu na vitamini D ya kutosha, mifupa yake hulainika, taya hulegea na miguu hupinda, kama vile matege kwa mtoto. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, maana vitamini D ikizidi nayo ni madhara.

Usimlishe wadudu wa bustanini, kwa sababu huenda wamepuliziwa dawa. Vimulimuli wasimkaribie kabisa. Mmoja tu unaweza kumuua. Maji safi yawe kwenye kisahani kifupi, na yabadilishwe kila siku.

Kama dukani umepewa geko mwenye kishungi, maelekezo haya si yake. Yeye hula unga maalumu wa matunda unaochanganywa na maji, na hapendi joto kali.

Kumshika

Mwache siku 7 hadi 14 azoee makao mapya kabla ya kumshika. Baadaye mtoto akae chini sakafuni, afungue viganja, geko apande mwenyewe. Asimshike mkia kamwe. Akiogopa huukata na kuuacha, na huko ndiko anakoweka akiba yake ya mafuta. Mkia utaota tena, ila hautakuwa kama wa kwanza.

Sheria za nyumba ziwe chache na zisivunjwe:

- Kila anayemshika geko au kugusa kasha ananawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Mkubwa amsimamie mtoto.
- Hakuna kumbusu wala kumweka karibu na uso.
- Hakuna kula au kunywa ukiwa naye.
- Geko haingii jikoni, wala hatembei mahali panapoandaliwa chakula.
- Vyombo vyake havioshwi kwenye sinki la jikoni. Tumia ndoo au beseni lake peke yake, na maji machafu uyamwage chooni.
- Wadudu wa chakula chake hawawekwi pamoja na chakula cha watu.

Dawa ya kutakasa mikono inasaidia pale tu maji yanapokosekana. Haichukui nafasi ya sabuni.

Mtoto akiugua

Dalili za salmonela huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuambukizwa: kuharisha, homa na tumbo kusokota, pengine na kutapika. Wengi hupona ndani ya siku 4 hadi 7. Mpe mtoto maji ya ORS kidogo kidogo na mara kwa mara, na anayenyonya aendelee kunyonya. Usimpe dawa ya kuzuia kuharisha, wala antibayotiki zilizobaki za mtu mwingine.

Mpeleke kwa daktari haraka iwapo:

- ana umri wa chini ya miezi 3 na homa ya nyuzi 38 au zaidi
- kinyesi kina damu
- homa imefika nyuzi 39
- anatapika kila anachokunywa
- mdomo umekauka, analia bila machozi, hakojoi kama kawaida, au amelegea
- anaharisha zaidi ya siku 3 bila nafuu
- ana selimundu au kinga dhaifu. Huyu usimsubirishe hata siku moja.

Ukifika, mwambie daktari au muuguzi: "Nyumbani tuna geko." Usione aibu, na usingoje kuulizwa. Neno hilo moja linaweza kumfanya aagize kipimo cha kinyesi au damu mapema.

Geko naye akiugua

Mkia wake ndio kipimo chako. Mkia mnene ni afya. Unaokonda wiki hadi wiki ni dalili mbaya. Tafuta daktari wa mifugo anayetibu reptilia ukiona hali kwa muda mrefu, anatetemeka miguu, taya limelegea, macho yamevimba, anaharisha, au ngozi ya zamani imebaki vidoleni. Ngozi hiyo hukaza kama uzi na inaweza kukata kidole. Mjue daktari huyo kabla ya kununua geko, kwa sababu si wote wanaotibu reptilia.

Ukipata ujauzito ukiwa naye tayari

Huna haja ya kuogopa usiku huo huo. Mwachie mkubwa mwingine kazi ya kumlisha na kusafisha kasha, na uanze kumtafutia geko nyumba nyingine isiyo na watoto wadogo kabla mtoto hajazaliwa. Waulize dukani, au wanaookoa wanyama. Usimwachilie nje: katika nchi za baridi atakufa.

Kwa kifupi

Kama watoto wako wote wamepita miaka 5, hakuna mwenye kinga dhaifu, na yupo mkubwa aliye tayari kwa miaka 10 au zaidi, geko chui anaweza kumfundisha mtoto kuhudumia kiumbe kinachomtegemea. Kama bado una mdogo, jibu ni "bado". Mtoto mkubwa anaweza kuanza sasa kusoma juu ya geko na kuweka akiba ya kununua kasha. Siku mdogo wake atakapofikisha miaka 5, mtalizungumza tena.