Kolera, surua na mpox: kila ugonjwa na njia yake

Katika majimbo ya mashariki mwa Kongo, magonjwa ya kuambukiza yanakuja mara nyingi kwa pamoja. Kolera inaweza kuwa kando ya ziwa, surua ikawa shuleni, na mpox ikawa nyumba ya jirani. Kwa yote wakaaji wanasikia shauri moja: kunawa mikono. Shauri hilo ni zuri, lakini peke yake halitoshi, kwa sababu kila ugonjwa una njia yake. Ule unaopita katika maji hauzuiliwi sawasawa na ule unaopita katika hewa.

Mfano uko karibu. Tangu mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, Ebola iliua watu 2 287, karibu wote katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ndoo za maji ya klori ziliwekwa mbele ya makanisa, masoko na ofisi. Karibu wakati ule ule, surua iliua watoto zaidi ya 7 000 katika inchi nzima. Ndoo hizo hazingeweza kuisimamisha. Surua inazuiliwa na chanjo.

Kolera: njia ya maji na mikono

Kolera, ambayo wengine wanaita kipindupindu, inaletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho. Anatoka katika mavi na matapishi ya mgonjwa, anaingia katika maji au chakula, kisha anamezwa na mtu mwingine. Ndiyo maana ugonjwa huu haukosekani kwa muda mrefu kando ya maziwa: Goma na Minova, Uvira na Fizi, mpaka Kalemie. Watu wanachota maji ziwani, na mvua inapelekea ziwa uchafu wa vyoo. Goma kuna shida nyingine tena: mawe ya volkano ni magumu, kuchimba choo chenye kina ni kazi kubwa.

"Maji ya ziwa iko safi, unaona mpaka chini," watu wanasema. Lakini maji yanayong'aa yanaweza kubeba kolera. Tena watu wengi walioambukizwa hawasikii kitu chochote, au wanahara kidogo tu, na huku wanaendelea kutoa mdudu huyo chooni kwa siku kadhaa.

Dalili zinaanza tangu masaa machache mpaka siku 5 baada ya kuambukizwa. Mtu anahara maji mengi, meupeupe kama maji ya kuosha mchele, mara nyingi bila kuumwa sana na tumbo. Anatapika. Macho yanaingia ndani, mdomo unakauka, mkojo unapungua, miguu inashikwa na misuli. Kinachoua ni kuishiwa na maji mwilini, na inaweza kutokea ndani ya masaa machache. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofika Goma kwa wingi, karibu watu 50 000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Mgonjwa akitunzwa mapema, karibu kila mara anapona: kwenye matunzo mazuri, katika wagonjwa 100 hafi hata 1. Asingoje kufika kwa munganga ndipo aanze kunywa. Apewe SRO, pakiti moja katika litre 1 ya maji safi. Pakiti ikikosekana, litre 1 ya maji safi inatiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijazwe kupita ukingo. Anywe kidogo kidogo, hata kama anatapika, huku akipelekwa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Ili kufunga njia hii: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klori. Mahali ambapo watu wanatia klori katika bidon, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Makala ni bei, hiyo inajulikana. Basi klori ndiyo msaada kwa yule asiyeweza kuchemsha kila siku. Bidon yenyewe ioshwe na ifunikwe. Mikono inawiwe kwa sabuni, au kwa jivu kama sabuni haiko, baada ya choo na mbele ya kugusa chakula. Maiti ya mtu aliyekufa kwa kolera bado inaambukiza. Familia iite watu wa afya kabla ya kuiosha.

Surua: njia ya hewa

Virusi ya surua inatoka kwa mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya au anapopumua. Inaweza kubaki katika hewa ya chumba mpaka masaa 2 hata kama mgonjwa ameishatoka. Katika watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, 9 wanaweza kuambukizwa.

Surua inaanza kama homa na mafua: joto kali, kikohozi, makamasi, macho mekundu yenye machozi. Baada ya siku chache vipele vinatokea usoni na nyuma ya masikio, kisha vinashuka mpaka miguuni. Shida kubwa ni hii: mtoto anaambukiza wengine tangu siku 4 kabla ya vipele mpaka siku 4 baada yake. Wakati mama anasema "ni malaria tu", mtoto ameisha kukaa darasani na wenzake.

"Ni ugonjwa ya batoto, itaisha yenyewe," wengine wanasema. Lakini surua inaleta nimonia, kuhara, upofu na ugonjwa wa ubongo, zaidi kwa mtoto mwenye utapiamlo. Hakuna dawa ya kuua virusi hiyo, ila kituo cha afya kinatibu matatizo yanayoifuata, na kinatoa vitamini A mara mbili, siku mbili zinazofuatana, ambayo inalinda macho na maisha.

Chanjo ya kwanza inatolewa mtoto akiwa na miezi 9. Familia iliyokimbia vita na kupoteza karatasi ya chanjo isione haya: iulize RECO wa kartie au kituo cha afya. Kuchanjwa tena hakumdhuru mtoto.

Mpox: njia ya ngozi

Mtu wa kwanza kujulikana na mpox alikuwa mtoto wa Basankusu, mwaka 1970. Mwaka 2023 aina mpya ya virusi hiyo ilionekana Kamituga, katika machimbo ya dhahabu ya Kivu ya Kusini, ikafika mpaka inchi jirani.

Inapita kwa kugusana: kulala pamoja, kufanya ngono, kubeba mtoto mgonjwa, kutumia shuka au taulo yake, kuongea uso kwa uso kwa muda mrefu. Dalili zinaweza kungoja mpaka siku 21: homa, kichwa, mgongo, uchovu, tezi kuvimba shingoni au kinenani, na vipele vinavyogeuka malengelenge yenye usaha, hata viganjani, chini ya nyayo na sehemu za siri. Tetekuwanga inaweza kufanana nayo, ila tezi kuvimba ni alama inayosaidia kutofautisha.

Mgonjwa anaambukiza mpaka magamba yote yaanguke na ngozi mpya itokee, mara nyingi juma 2 mpaka 4. Alale peke yake, afunike vidonda, vyombo na nguo zake vioshwe kando. Wanaosema "wamemuloga" wanamfanya ajifiche, na nyumba nzima inaambukizwa.

Usingoje kesho

Peleka mgonjwa mara moja ikiwa anahara maji bila kusimama, hawezi kunywa, hakojoi, anapumua mbio, ana degedege, amezimia au macho yanamuuma. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba wenye vipele na homa waonwe siku ile ile. Kabla ya kufika penye watu wengi, kwa surua na mpox, familia itume habari mbele kwa RECO au kwa munganga, ili mgonjwa apokelewe kando na wengine.