Heshima chuoni si kunyamaza: mambo ya kujua kwa mwanafunzi na mzazi

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofunguliwa, vijana kutoka Kasulu, Kibondo na vijiji vya jirani hupanda basi kwenda Dodoma, Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko. Wengi wao ni wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu.

Kwetu Buha mtoto hufundishwa mapema kumheshimu mkubwa. Humsalimia kwa kupiga makofi, wala hajibizani naye. Ni malezi mema. Lakini chuoni anaweza kukutana na mtu anayetumia nafasi yake kumdhalilisha. Asipoambiwa kabla ya kuondoka kwamba heshima si kunyamaza, ataumia kimya kimya.

Somo la mwaka 1990

Februari 1990, Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wanaume. Wakati huo palikuwa na kundi la siri lililojiita Mzee Punch. Lilibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwaaibisha wanafunzi, hasa wasichana, na wengine wakapita, wakasoma na kucheka.

Kifo hicho kiliwaamsha wengi. Wanaharakati, wakiwemo wanahabari wanawake wa TAMWA, walidai ulinzi kwa wanawake. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo pia ilifanya unyanyasaji wa kijinsia, hata wa maneno au vitendo, kuwa kosa la jinai. Mwaka 2006 chuo hicho kiliweka sera yake ya kupinga unyanyasaji wa kijinsia.

Siku hizi ukuta umehamia kwenye simu. Picha ya aibu ikiingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, anayeisambaza anafanya kazi ileile ya Mzee Punch. Anayesema "futeni hii" anamwokoa mwenzake.

Rushwa ya ngono ni nini?

Ni pale mwenye mamlaka anapodai ngono ili atoe haki au upendeleo. Mfano ni mhadhiri anayemwambia mwanafunzi kwamba bila kukubali atafeli somo, au atadisko, yaani ataondolewa chuoni. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja kosa hili. Adhabu iliyowekwa ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria hailindi wasichana peke yao. Mvulana naye anaweza kudaiwa, na ana haki ya kulalamika.

Ukikutwa na jambo hili

- Usifute meseji. Andika tarehe, saa, mahali na maneno uliyoambiwa.
- Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Anaweza kuwa shahidi baadaye.
- Ukiitwa faragha, usiende peke yako. Toa taarifa TAKUKURU kabla ya siku ya miadi, ili wachunguze mapema. Namba yao ya bure ni 113, na wana ofisi wilayani.
- Chuoni, nenda dawati la jinsia, ofisi ya mshauri wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi. Ukiogopa ofisi moja, jaribu nyingine.
- Ukishikwa au kubakwa, nenda hospitali haraka, kabla ya kuoga wala kufua nguo ikiwezekana. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto.
- Ukiona umeonewa katika matokeo, uliza utaratibu wa chuo wa kukata rufaa.

Kuwa pamoja na mwenzako

Unyanyasaji huanzia mara nyingi kwa aliye mpweke na asiye na kitu. Bumu likichelewa, chumba kikikosekana, mwanafunzi mgeni huwa rahisi kunaswa na anayejifanya msaada. Ndiyo maana mambo madogo yana uzito. Waliotangulia wampokee mgeni stendi, wenye chumba wamsitiri kwa siku chache, na wanaosoma pamoja watembee pamoja usiku. Asiyeonekana darasani siku mbili apigiwe simu.

Nafasi ya mzazi aliye nyumbani

Mzazi akipiga simu huuliza, "Masomo yanaendeleaje?" Mtoto hujibu, "Salama," na simu inakatwa. Ongeza maswali: "Unakula? Unalala wapi? Kuna mtu anayekusumbua?"

Akikuambia jambo zito, usianze kwa kuuliza alivaa nini au alifuata nini huko. Sema, "Nimekusikia, mwanangu. Hujakosa." Kisha muulizane ni ofisi gani aende kesho. Akisema amechoka kuishi, tafuta mara moja mtu wa kukaa naye, asiachwe peke yake, naye apelekwe hospitali.

Wazazi wengi huuza mahindi, maharage, hata ng'ombe ili mtoto asome. Mtoto anajua hilo, na mara nyingine ndilo linalomfanya afiche, akihofia kuwavunja moyo. Kabla hajapanda basi, mwambie wazi kwamba shahada ni njema, lakini uhai na utu wake ni zaidi, na kwamba mlango wa nyumbani haujafungwa.