Besi Inalia Zzzz Kama Mzinga wa Mwingi? Ipange Hivi Kabla ya Shoo

Maze, kama unachapa besi kwa bendi ya benga huku Ukambani, unajua besi haina pa kujificha. Tangu enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, watu hudensi juu ya hiyo laini ya chini. Uzi ukianza kugonga freti, kila mtu anaskia.

Kwanza tuni gita. Uzi uliolegea unacheza sana, lazima ugonge. Halafu chomeka kwa ampu. Kama zzzz inaskika tu ukiwa umechomoa, achana nayo.

Bado iko? Skiza ni wapi. Ikilia freti ya 1 hadi ya 5, shingo imenyooka kupita kiasi au imerudi nyuma. Kitui na Makueni usishangae hii ikikupata kati ya Juni na Oktoba: hewa ni kavu, mbao zinapoteza maji na shingo inasonga. Na ukiacha gita kwa buti ya gari pale Wote saa saba mchana, umejitakia. Kubadilisha nyuzi nzito kwa nyembamba pia huleta hii shida, juu zinavuta kidogo.

Kupima ni rahisi. Bonyeza uzi mnene kwa freti ya 1 na ya mwisho, uangalie freti ya 7. Panafaa pawe na nafasi ya kadi ya biashara, kama milimita 0.3. Hakuna nafasi? Legeza chuma cha ndani ya shingo na spana ya aleni, robo mzunguko kinyume cha saa, tuni tena, upime tena kesho. Ikikataa kuzunguka, usilazimishe buda. Kikikatika hicho chuma, unatafuta doo ya shingo mpya. Mvua ya Novemba ikija, huenda ukakaza tena.

Ikilia juu ya freti ya 12, inua nyuzi kidogo kwa briji. Ikilia uzi ukiwa wazi pekee, mfereji wa kule kichwani umelika. Kipande cha karatasi chini yake kitakuokoa leo usiku.

Freti moja tu? Weka kipande cha rula kinachofika freti tatu. Kikibembea, ya katikati imeinuka. Hiyo usiiguse na tupa ya nyumbani. Mpelekee fundi, umwambie ni freti gani na uzi gani, asije akasaga zote akulipishe.