Dripu Kabla ya Kipimo: Sodiamu ya Chini kwa Wazee wa Vijijini

Mzee akifikishwa zahanati katika kata kama Makuyuni, wilayani Korogwe, akiwa amechanganyikiwa na miguu haimbebi, hupimwa malaria, sukari na presha. Hapo hakuna kosa. Majibu yakiwa mazuri, lawama huangukia uzee, kisha hutundikwa dripu. Hoja yangu ni kwamba dripu hiyo, ikitangulia kipimo cha sodiamu, yaweza kumdhuru.

Sodiamu ya damu huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ikishuka, ndugu husema mzee hali chumvi. Mara nyingi chumvi ipo, ila maji yamezidi. Homoni ya vasopresini huiagiza figo irudishe maji mwilini, na hupungua maji yakitosha. Nimonia, kifua kikuu, uvimbe wa mapafu, maumivu makali au dawa ya kifafa ya kabamazepini huweza kuifanya iendelee kumwagika bila kuhitajika. William Schwartz na Frederic Bartter waliieleza hali hiyo mwaka 1957, kwa wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu. Kwa mzee mambo huwa mazito zaidi, kwani figo zake hukawia kutoa maji ya ziada, na huenda anameza dawa ya presha ya kundi la thaiazaidi, ambayo nayo hushusha sodiamu.

Kifua kikuu ndicho kinachotutega hasa. Kikikaa kwenye mapafu chaweza kuzidisha vasopresini. Kikizila tezi zilizo juu ya figo, huleta upungufu wa homoni alioueleza Thomas Addison mwaka 1855. Sodiamu hushuka kote kuwili, lakini tiba zinapingana: mmoja apunguziwe maji, mwingine apewe upesi maji ya chumvi na haidrokotisoni. Ukimbania maji huyu wa pili, waweza kumuua. Dalili zake ni presha kuanguka anaposimama, potasiamu kupanda na ngozi kuzidi weusi. Kwa watu wetu, weusi huo hausomeki kirahisi: kagua mikunjo ya viganja, ufizi na makovu mapya, kisha muulize anayeishi naye kama ni jambo la karibuni.

Turudi kwenye dripu. Ile ya glukosi ya asilimia 5, sukari yake ikishatumika, hubaki maji matupu. Hata ya chumvi ya asilimia 0.9 yaweza kuishusha zaidi sodiamu ya mwenye vasopresini nyingi. Mwenye degedege huhitaji chumvi ya asilimia 3, hospitalini, na sodiamu isipande zaidi ya milimoli 10 katika saa 24 za kwanza. Ikikimbizwa, ubongo huumia.

Nitaambiwa zahanati haina mashine. Ni kweli, lakini kumwaga mfuko wa dawa za mzee mezani na kuzisoma moja moja hakuhitaji mashine, wala kumpima presha amelala na amesimama. Anayebaki na shaka ampeleke hospitali ya Magunga, Korogwe mjini, au ya Bombo, Tanga, mapema. Sera yetu huwasamehe gharama za matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo; msamaha huo haumfai mtu kama kipimo chenyewe hakipo. Halmashauri zinapopanga bajeti, vitendanishi vya sodiamu na potasiamu viagizwe pamoja na vya malaria.