Shosho Hakuwahi Kusaini

Wasee, wiki mbili baada ya kumzika shosho wangu kule Tetu, jamaa mmoja alitokea na karatasi. Ati shosho alimuuzia robo ekari. Chini kabisa kuna jina lake na saini imejikunja kama ya meneja wa benki. Shida ni moja: shosho hakujua kuandika. Maisha yake yote alibonyeza dole gumba kwenye wino.

Nikaanza kufuatilia hii stori ya vidole. Haikuanza kwa wema. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, karatasi yake ikakaa kwenye kikebe cha chuma alichovaa shingoni. Lengo lilikuwa kumnasa akitoroka kazi kwa mzungu. Harry Thuku alikipinga kipande, na Machi 1922 akakamatwa.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, na mpango wa Swynnerton wa 1954. Hapa Nyeri vishamba vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa na kuandikishwa, huku wanaume wengi wakiwa kizuizini au msituni. Zamani mpaka ulijulikana kwa maua ya itoka na kwa wazee walioshuhudia. Sasa shahidi akawa karatasi. Na karatasi ikishakuwa ndiyo shamba, mwizi haji na panga, anakuja na kalamu.

Ndiyo maana kuna wataalamu wa kuchunguza nyaraka, kama wale wa DCI. Hawaangalii tu kama saini inafanana. Wanaangalia mwendo wa mkono: kasi, mgandamizo wa kalamu, mahali iliponyanyuliwa. Anayeiga huandika polepole, kwa hivyo mstari hutetemeka. Na saini mbili zikilingana kabisa kabisa, hapo ndipo wanashuku zaidi, kwa sababu hakuna mtu husaini sawasawa mara mbili. Taa maalum zinaweza kuonyesha kama wino ni tofauti. Lakini wanahitaji karatasi orijino, pamoja na saini zingine za mtu huyo, ikiwezekana za miaka ileile.

Hata hivyo, mtaalamu si hakimu. Sheria yetu ya Ushahidi inachukua neno lake kama maoni, na korti hupima na ushahidi mwingine.

Kwetu tulibahatika. Shosho alihifadhi fomu zake za majani chai kwenye mfuko wa unga, zote zikiwa na dole gumba. Tukamwambia yule jamaa alete orijino. Alikuwa na fotokopi tu. Pia shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi, na hakuwa nacho. Mpaka leo hajarudi, lakini pia hajasema ameacha.

Kinachoniuma ni hiki: alama ambayo mkoloni alitumia kuwafunga kina guka kama mifugo ndiyo imesimama kati yetu na kupoteza shamba. Sijui nishukuru ama nikasirike.

Ukienda ocha Disemba hii, usipige selfi tu. Uliza karatasi za shosho ziko wapi, na uone amesaini vipi.